Motokaa Kuukuu na Daftari Lake

  Wale waliochelewa kwa sababu ya palizi waingie taratibu, wakae. Hatujafika mbali.

Somo letu la leo ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya motokaa kuukuu kutoka Ulaya: jinsi ilivyoingia katika nchi yetu, jinsi watu wetu walivyoinunua, na jinsi walivyoitunza mpaka ikazeeka mikononi mwao. Huenda mmoja wenu akauliza, "Mwalimu, mimi sina hata baiskeli. Motokaa inanihusu nini?" Swali hilo ni zuri. Nisikilize mpaka mwisho, kisha ujijibu mwenyewe.

Tuanze mwanzo. Tarehe 10 Agosti 1907, Mjerumani mmoja aitwaye Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa motokaa iliyotengenezwa Gaggenau, kwao Ujerumani. Alitaka kulivuka bara la Afrika kutoka bahari ya mashariki mpaka bahari ya magharibi. Wakati huo reli ya kati ilikuwa ndiyo kwanza inafika Morogoro. Barabara za motokaa hazikuwapo. Palikuwa na njia za misafara, mito isiyo na madaraja, na matope. Graetz alifika Swakopmund, pwani ya nchi ambayo leo ni Namibia, tarehe 1 Mei 1909. Hesabuni wenyewe: ni zaidi ya miezi 20. Tangu siku ile jambo moja lilikuwa wazi. Katika nchi yetu, kuwa na motokaa ni jambo moja, na kuifanya iendelee kwenda ni jambo la pili. La pili ndilo gumu.

Miaka ikapita, Waingereza wakashika nchi, barabara zikaongezeka. Motokaa zilikuwa za maofisa, wamisionari, walowezi na wafanyabiashara. Mwananchi wa kawaida aliijua motokaa kwa kuisukuma ilipokwama, au kwa kuifuta vumbi. Wengine wakawa madereva na watandiboi, na kwa kuangalia na kushika, wakawa mafundi. Mafundi wetu wengi wa kwanza walijifunza namna hiyo: masikio yao yalikuwa kitabu, na mikono yao ilikuwa kalamu.

Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya motokaa yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye yakaitwa East African Safari. Hayakuwa mashindano ya uwanjani. Motokaa zilikimbia maelfu ya kilomita katika barabara zile zile za vumbi na utelezi ambazo sisi tulipita kwenda sokoni, tena wakati wa Pasaka, mvua za masika zinapoanza kushuka. Watengenezaji wa Ulaya walileta motokaa zao wapate kuonyesha ipi ni imara. Mwaka 1963 motokaa 7 tu ndizo zilizofika mwisho. Mwaka 1968 zilifika 7 tena. Miaka yote miwili ya kwanza kufika ilikuwa motokaa ya Kifaransa, Peugeot 404. Na katikati, mwaka 1966 na mwaka 1967, Peugeot 404 ilishinda ikiendeshwa na Bert Shankland, dereva aliyekuwa mkazi wa Dar es Salaam, pamoja na mwenzake Chris Rothwell. Watu wa nchi hii walijivunia ushindi huo, na jina la Pijo likaenea mpaka vijijini.

Kwa nini motokaa hiyo ilistahimili? Hapakuwa na uchawi. Kwanza, ilikaa juu, na springi zake zilikuwa na nafasi ndefu ya kupanda na kushuka, kwa hiyo shimo halikulipasua tumbo lake upesi. Pili, mapipa ya silinda ndani ya injini yaliweza kutolewa na kuwekwa mengine, bila kuitupa injini nzima. Tatu, ilikuwa na nafasi ya kuingiza hendeli mbele; betri ikifa porini, dereva mwenye nguvu aliizungusha injini kwa mkono ikawaka. Ndugu yake aliyemfuata, Peugeot 504, alitokea mwaka 1968, naye akapendwa vile vile. Ufaransa waliacha kutengeneza saluni ya 504 mwaka 1983, lakini Mombasa kule Kenya, na Kaduna kule Nigeria, 504 ziliendelea kuunganishwa kwa miaka mingi baada ya hapo. Afrika ilikuwa bado inazitaka.

Sasa tuangalie mambo yaliyobadilika. Februari 1967 lilitangazwa Azimio la Arusha. Nchi ilichagua kujitegemea, na fedha za kigeni zikatakiwa kwanza kwa mashine, dawa na vitu vya wote. Uingizaji wa motokaa ukawekwa chini ya shirika la serikali. Mwaka 1973 bei ya mafuta duniani ilianza kupanda, na katika miezi michache ikawa kama mara nne ya ilivyokuwa. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, mpaka wetu na Kenya ukafungwa, na haukufunguliwa mpaka mwaka 1983. Spea zilizokuwa zikitoka Nairobi zikakatika. Kisha ikaja vita ya Kagera, mwaka 1978 mpaka 1979. Aliyekuwa na motokaa ya miaka kumi hakuweza kupata mpya. Ilimbidi aishike ile ile.

Hapo ndipo motokaa kuukuu ilipopata heshima. Fundi alikata gasketi kwa karatasi nene. Mpira wa ndala ukawa bushi. Sabuni ya kipande ilisuguliwa kwenye tangi lililotoboka, petroli ikaacha kuvuja kwa siku mbili tatu. Motokaa moja iliyokufa ililisha tatu zilizo hai, kwa kutolewa kiungo kimoja kimoja. Tusicheke mambo hayo. Yalikuwa elimu, tena elimu kubwa. Lakini ilikuwa elimu ya mikono peke yake, na sasa nitawaeleza kwa nini haikutosha.

Mimi nilikuwa na mjomba hapa Turiani. Alikuwa mkulima wa miwa. Alikuwa mtu wa bidii na mwenye akili kali ya hesabu za kichwani. Mwaka 1970 ulipotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na madarasa ya kisomo yakafunguliwa kila mahali, mjomba hakwenda. Alisema, "Miwa haisomi, na mimi nasema na miwa." Watu wakacheka, naye akaenda zake shamba.

Mwaka 1987 mjomba aliuza miwa yake, akauza na ng'ombe wawili, akaenda Morogoro kununua motokaa. Wakati huo serikali ilikuwa imekwisha kulegeza masharti, kuanzia mwaka 1984, na watu wenye fedha za kigeni waliruhusiwa kuleta bidhaa. Lakini mjomba hakuwa na fedha za kigeni; alitafuta kuukuu ya ndani. Alionyeshwa Peugeot 504, saluni nyeupe. Mjomba hakuwa mjinga wa motokaa. Aliisikiliza injini, akaangalia moshi, akalala chini akapapasa bodi kutafuta kutu. Akaridhika. Akalipa fedha taslimu. Muuzaji akaandika karatasi mbili, akamwambia, "Hii ni hati ya mauziano, mzee. Tia dole gumba hapa." Mjomba akatia dole gumba.

Motokaa ile ilifanya kazi kubwa. Siku hizo barabara ya kutoka Magole kuja Turiani ilikuwa ya udongo, na masika ikawa uji. Kutoka hapa mpaka Morogoro ni zaidi ya kilomita 100. Usiku mmoja wa mvua mjomba alimchukua mama wa jirani aliyekuwa na uchungu wa siku mbili. Walikwama mara nne, wakasukumwa na walinzi wa mashamba. Mama alifika hospitali, akajifungua salama. Mtoto yule leo ni mtu mzima, ana watoto wake.

Baada ya miezi minane mtu alikuja Turiani pamoja na askari. Kadi ya motokaa ilikuwa na jina lake. Ile karatasi yenye dole gumba la mjomba ilisomwa mbele ya watu, na haikuwa hati ya mauziano. Ilisema kwamba mjomba amekabidhiwa motokaa aiendeshe kwa biashara, na kwamba atairudisha itakapotakiwa. Mjomba alikuwa ametia dole gumba kushuhudia kwamba motokaa si yake. Aliyepokea fedha hakuonekana tena. Motokaa ikaondoka ikiwa na matairi mapya na kabureta mpya, vyote vya jasho la mjomba. Mama yangu alinisimulia kwamba mjomba hakulia. Alikaa barazani mpaka jua likazama, kisha akauliza, "Darasa la kisomo huanza saa ngapi?"

Tunasema mtu ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Lakini mjomba alimwona mbuzi, alimpapasa, hata alimsikia akilia. Gunia lilikuwa karatasi.

Sasa, ndugu mwanafunzi, tuifanye historia hii kuwa msaada. Kama wewe, au kikundi chenu cha wakulima, mnataka kununua motokaa kuukuu, iwe ya Ulaya au ya kwingine, yako mambo matatu: karatasi, chuma, na hesabu. Yafuate kwa utaratibu huo.

Kwanza karatasi. Omba kadi ya motokaa kabla hujaomba kuwashiwa injini. Soma jina la mwenye mali. Je, ndilo jina la mtu aliyesimama mbele yako? Soma namba ya chesisi na namba ya injini, kisha ukazitafute kwenye chuma chenyewe, herufi kwa herufi. Kama namba imekwaruzwa, ondoka. Hati ya mauziano isomwe kwa sauti mbele ya mashahidi wako, si mashahidi wa muuzaji. Kisha nendeni ofisi ya Mamlaka ya Mapato mbadilishe jina. Mpaka jina lako limeandikwa, umenunua maneno tu.

Pili chuma. Nenda asubuhi, injini ikiwa baridi. Muuzaji akikukuta amekwisha kuipasha moto, jiulize anaficha nini. Vuta kijiti cha kupimia oili. Oili nyeusi ni uzee wa kawaida. Oili iliyofanana na chai ya maziwa ina maji ndani yake. Mwambie fundi awashe, nawe simama nyuma uangalie moshi. Moshi wa bluu maana yake injini inakula oili. Moshi mweusi maana yake inakula mafuta kupita kiasi. Moshi mweupe ni wa kawaida asubuhi ya baridi, lakini usipokoma injini ikipata moto, basi maji yanaingia kwenye silinda. Angalia matairi: yakiwa yamelika upande mmoja, magurudumu hayakai sawa, au viungo vya mbele vimechoka. Inua mazulia, utazame sakafu. Kutu iliyofunikwa kwa rangi mpya ni donda lililofungwa kitambaa safi.

Tatu hesabu. Chukueni kalamu sasa, tufanye mfano. Tuseme motokaa inauzwa shilingi 4,000,000. Inahitaji matairi 4, kila moja shilingi 150,000, jumla 600,000. Betri 180,000. Kutengeneza breki 220,000. Kubadilisha jina pamoja na bima 300,000. Jumlisheni. Umepata 5,300,000? Vizuri. Hiyo ndiyo bei ya motokaa. Ile 4,000,000 ilikuwa bei ya kuanzia mazungumzo. Sasa weka shilingi 100,000 kila mwezi kwa ajili ya spea na fundi. Kwa mwaka ni 1,200,000. Mwaka wa kwanza utatumia 6,500,000, na bado hujatia petroli. Kama fedha yako ni 4,000,000 kamili, basi huna fedha ya kununua motokaa ya 4,000,000.

Jambo hili lina uzito zaidi kwa motokaa za Ulaya. Siku hizi barabara ya Magole hadi Turiani ina lami, na motokaa nyingi tunazoziona ni za Japani. Sababu si urembo. Wajapani huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, kwa hiyo usukani wao uko kulia; na baada ya milango ya biashara kufunguliwa, motokaa zao zilizotumika ziliingia kwa wingi, na spea zake zikaja pamoja nazo. Spea ya Peugeot ya zamani huenda ukaitafuta Dar es Salaam siku tatu. Kwa hiyo kabla ya kununua, uliza fundi wako maswali mawili: Je, umewahi kuifungua injini kama hii? Na spea zake utazipata wapi? Akisita, nawe usite kuondoka.

Ukishanunua, utunzaji wake ni kazi ya kila siku, si kazi ya siku ya ubovu. Kila asubuhi pima oili na maji. Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa na moto; maji yake huruka na kubabua uso. Tazama chini pale motokaa ilipolala: kama kuna tone, jua ni la nini kabla hujaondoka. Badilisha oili kwa wakati wake, wala usingoje mpaka injini igonge. Ukikanyaga breki ikazama, usiseme utaona kesho. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa breki, ndugu zangu, huenda usipate nafasi ya kujenga huo ukuta.

Na kila utakalolifanya, liandike. Andika tarehe, kilomita, kazi iliyofanywa, fundi, na fedha. Madukani tumezoea kuona maneno haya ukutani: mali bila daftari hupotea bila habari. Motokaa kuukuu ni mali inayopotea kidogo kidogo kila siku, na daftari ndilo linalokuonyesha inapopotelea. Ukiona kwamba umebadilisha plagi mara tatu kwa miezi miwili, tatizo si plagi; tafuta kinachoziharibu. Kichwa husahau, daftari halisahau.

Narudi kwa mjomba, kisha nimalize. Alianza kisomo akiwa amepita miaka hamsini, akikaa benchi moja na wanawake aliokuwa akiwacheka. Mwaka 1996 alinunua motokaa nyingine, tena 504, tena kuukuu. Safari hii aliisoma kadi mwenyewe, polepole, kidole kikifuata kila herufi, na muuzaji akangoja. Alienda nayo miaka kumi na mitano, akaiuza kwa mtu wa Dumila, na jina likabadilishwa siku ile ile.

Mjomba amekwisha kufariki. Motokaa sijui iko wapi. Lakini daftari ninalo. Ukurasa wa kwanza una mwandiko mkubwa, umepinda kama njia ya mlimani, na maneno manne tu: "Oili leo. Yangu mwenyewe." Ndipo nilipoelewa kwamba mjomba hakuandika habari ya oili tu. Aliandika ile hati ya mauziano ambayo hakuipata mwaka 1987.

Basi sasa umelipata jibu la swali letu la mwanzo. Huenda hutanunua motokaa kamwe. Lakini utanunua shamba, au mashine ya kukoboa, au utakopa fedha katika kikundi, au utapewa karatasi hospitalini. Siku hiyo mtu atakuonyesha mahali pa kutia dole gumba. Mwambie, "Ngoja kwanza, nisome."

Kazi ya darasani. Mwanafunzi mmoja asome swali, wengine wajibu.

1. Kwa nini motokaa kuukuu zilipata heshima kubwa nchini kati ya mwaka 1973 na mwaka 1984? Taja sababu tatu.

2. Mjomba alikagua vizuri injini, moshi na bodi. Alikosa kukagua nini?

3. Fanya upya hesabu yetu. Motokaa inauzwa shilingi 3,500,000, matairi mawili yanahitajika, breki ni nzima, na gharama nyingine ni zile zile. Bei yake ya kweli ni kiasi gani?

4. Andika katika daftari lako mstari mmoja wenye tarehe, kitu unachomiliki, na kazi uliyokifanyia wiki hii. Uanze leo.

Kwaherini mpaka somo lijalo.